Uji wa mchele kwa mtoto: Pishori, sela ya Pakistani au mchele wa Mbeya?

Mama Tudor

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nina mtoto wa miezi minane. Tangu aanze kula nampa uji wa mchele, vile vile mamangu alivyotulea sisi: mchele unaoshwa, unaanikwa kwenye ungo mpaka ukauke, unapelekwa kusagwa, na ule unga unapikwa polepole mpaka uwe laini wa kuteleza. Mtoto anaupenda, mashavu yamejaa, sina malalamiko.

Sasa kakangu aliyeko Uingereza kaniona kwenye video nikimlisha, akashtuka. Ati mchele una sumu ya arseniki, na huko aliko wazazi wanaambiwa mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe kinywaji cha mchele badala ya maziwa. Nikamwambia sisi tunakula wali tangu enzi za mababu na hatujafa. Akanijibu, "Hamjapima tu." Nikakosa la kusema.

Nikaingia kusomasoma, ndipo nikachanganyikiwa kabisa. Huyu asema basmati ni salama. Yule asema mchele usiokobolewa ndio wenye afya, na chini yake mwingine asema huo huo ndio wenye sumu zaidi. Nyumbani kwangu nina aina tatu: Pishori ya Mwea ambayo ndiyo ya uji wa mtoto, sela ya Pakistani, ile basmati ya biriani, na mchele wa Mbeya alioniletea shemeji kupitia mpaka wa Lunga Lunga, huo ndio wa wali wa nazi wa kila siku.

Naomba kujua: nchi gani, au hali ya hewa ya aina gani, hutoa mchele wenye sumu kidogo? Kuosha mchele kunaondoa kitu? Na niache uji huu au niendelee? Naomba anijibu anayejua. Wa kuniambia "mtegemee Mungu" asijisumbue, huyo namtegemea tayari.

Muuza Mchele, Kongowea

Dadangu, nitangulie kabla wasomi hawajaja, maana wao watakujibu kama kwamba gunia husema kweli.

Mimi nauza mchele wa rejareja na wa jumla. Gunia lililoandikwa Pishori si lazima liwe na Pishori ndani. Kuna watu hununua mchele wa nje wa bei nafuu, wakautia Pishori kiasi cha kunukisha, wakashona gunia upya. Kuna dalali aliwahi kuniletea mzigo wa namna hiyo: juu wanukia mpaka majirani wanageuka, nilipozamisha mkono hadi kiwikoni nikatoa mchele mwingine kabisa, punje nene zenye doa jeupe tumboni. Alirudi na mzigo wake.

Kwa hivyo kabla hujauliza Mwea ina nini na Pakistani ina nini, hakikisha unachokula ni kipi. Chukua punje chache uzichemshe. Pishori ya kweli hurefuka, hainenepi. Na harufu iwe kwenye wali ulioiva, si kwenye gunia tu.

Hayo ya arseniki sina elimu nayo, nakaa kitako nisome.

Mzee wa Sampuli

Mwanangu Mama Tudor, aleikum salaam. Nimeshika bambo bandarini miaka mingi, nikichoma magunia na kutoa sampuli. Baadaye nikaingia maabara, kazi ikawa kuzisaga sampuli zile zile na kuzichemsha kwa asidi kabla hazijaingia mashineni. Sasa nimestaafu, niko zangu Majengo, muda ninao. Teleka chai, jibu langu ni refu.

Kakako kasema kweli, ila kakuogofya bila kukueleza. Arseniki iko kwenye udongo na mawe ya dunia nzima. Mchele unasemwa kuliko nafaka nyingine kwa sababu mpunga hulimwa majini. Shamba la mahindi lina hewa ndani ya udongo, na humo arseniki hukaa imeshikwa na kutu, ile ile inayoupa udongo wekundu. Majaruba yakijaa maji hewa inakwisha, kutu inayeyuka na arseniki inaachiwa. Tena inaachiwa katika umbo ambalo mzizi wa mpunga unalifananisha na silikoni. Mpunga unaipenda silikoni sana, ndiyo inayokaza shina na majani. Aliyewahi kupitisha kidole kwenye jani la mpunga anajua linavyokata. Mizizi ina milango maalumu ya kuivuta, na arseniki ya matopeni hupita humo humo. Jian Feng Ma na wenzake kule Japani walilithibitisha hilo mwaka 2008. Matokeo yake mpunga hukusanya arseniki kama mara 10 ya nafaka nyingine.

Utasema basi shamba likaushwe. Hapo linakuja balaa la pili, nalo ni kadimi, metali nyingine yenye sumu. Hii tabia yake ni kinyume. Kwenye maji hushikana na salfa ikatulia. Shamba likikauka, hasa kwenye udongo wenye asidi, huachiwa, na mpunga huinyonya kupitia mlango unaopitisha manganisi. Wajapani wa bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, waliionja. Mto ulipokea taka za mgodi, mashamba yakamwagiliwa maji ya mto, watu wakala mchele wa mashamba hayo miaka nenda miaka rudi. Figo zikaharibika na mifupa ikawa inavunjika kwa kujigeuza tu kitandani. Mwaka 1968 serikali yao ilikubali kwamba chanzo ni kadimi. Wagonjwa wengi walikuwa wanawake wa makamo kwenda juu, waliozaa mara nyingi. Shika hilo, nitalirudia.

Na si hadithi ya zamani tu. Mwaka 2013 mjini Guangzhou, Uchina, sampuli 8 kati ya 18 za mchele na vyakula vya mchele zilikutwa zimepita kikomo cha kadimi. Lawama nyingi ziliuangukia mkoa wa Hunan, ambao una mpunga mwingi na migodi mingi.

Sasa swali lako la hali ya hewa. Kuna kazi kubwa ya upimaji iliyotoka miaka michache nyuma: sampuli 1,180 za mchele mweupe, kutoka kanda 29 za mabara sita. Kiwango cha kati cha arseniki mbaya (nitaeleza kwa nini nasema mbaya) kilikuwa mikrogramu 66 kwa kilo. Nchi za baridi kiasi na nchi za joto za kaskazini mwa ikweta hazikuachana sana. Zilizochomoza kwa uchache ni kanda mbili tu: visiwa vya kusini vya Indonesia, chini ya 20, na Afrika Mashariki, chini ya 10. Mwambie kakako hilo, na umwambie lilipimwa. Sehemu ya Amerika ya Kusini iliyo kusini mwa ikweta kama sisi ilikuwa juu kila mahali. Kwa hivyo usijenge kanuni kwamba joto ni hivi na baridi ni vile. Udongo una lake, na maji yana lake.

Bangladesh ni mfano mzuri wa maji. Mpunga wao wa kiangazi, wanaouita boro, humwagiliwa kwa visima vya bomba, na maji ya visima vingi kule yana arseniki ya asili. Mpunga wa masika unaotegemea mvua hupokea kidogo zaidi. Mkulima ni yule yule, kijiji ni kile kile. Marekani nako, majimbo ya kusini kama Arkansas na Louisiana yana mchele wenye arseniki zaidi kuliko California, na moja ya sababu ni kwamba sehemu ya mashamba yale yalikuwa ya pamba, na pamba ilinyunyiziwa dawa za arseniki miaka mingi. Dawa ilishaachwa lakini udongo bado unaikumbuka. Basmati ya chini ya Himalaya, India na Pakistani, kwa kawaida huwa upande wa nafuu, kwa hivyo sela yako isikunyime usingizi.

Nimesema arseniki mbaya. Kuna iliyofungamana na kaboni na kuna isiyofungamana. Ya pili ndiyo inayoleta saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu mtu akiila miaka mingi. Vikomo nitakavyovitaja huhesabu hiyo. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, imeweka mikrogramu 200 kwa kilo ya mchele mweupe na 350 kwa usiokobolewa. Umoja wa Ulaya tangu 2023 umeshusha hadi 150 kwa mchele mweupe, na mchele unaotengenezewa vyakula vya watoto kikomo chake ni 100. Ili uone udogo wake: gunia zima la kilo 50, likiwa limefika kabisa kwenye kikomo cha 200, lina miligramu 10 za arseniki, uzito usiofika hata punje moja ya mchele. Haimdhuru mtu leo wala kesho. Shida ni mtoto, ambaye kwa kila kilo ya mwili wake hula zaidi yako wewe, na ambaye wengine humpa mchele asubuhi, mchana na jioni.

Wanaobishana juu ya mchele usiokobolewa wote wana haki nusu. Arseniki hujikusanya kwenye pumba. Zinki, chuma na vitamini za kundi B nazo ziko huko huko kwenye pumba. Ukiukoboa umeviaga vyote pamoja. Kwa mtu mzima anayekula mara mojamoja, uchaguzi ni wake. Kwa uji wa mtoto wa kila siku ningeshika mweupe, na chuma na zinki ningezitafuta kwenye chakula kingine.

Na hizo zinki na chuma ndizo watu wanazozisahau wakishasikia neno sumu. Maji yale yale yanayofungua arseniki huifunga zinki. Kule Tarai, India, mpunga uliokuwa ukidumaa na kutoa madoa ya kutu kwenye majani uligunduliwa miaka ya 1960 kuwa una njaa ya zinki tu. Halafu hewa yenyewe inabadilika. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa aina 18 za mpunga, Japani na Uchina, uliolimwa wazi shambani na kupuliziwa hewa ya ukaa ya kiwango kinachotarajiwa baadaye karne hii: protini ilishuka kama asilimia 10, chuma asilimia 8, zinki asilimia 5, na foleti, moja ya vitamini za kundi B, karibu asilimia 30. Mwaka uliofuata wengine wakaongeza na joto, nyuzi 5 juu, pamoja na hiyo hewa ya ukaa, na arseniki kwenye punje ikafika maradufu huku mavuno yakianguka. Vijidudu vya matopeni vinavyoifungua arseniki hufanya kazi haraka kukiwa na joto. Kwa maneno mengine, mchele wa wajukuu zetu utakuwa na kibaya zaidi na kizuri kidogo hata mkulima asipobadilisha chochote.

Nirudi kwa wale wanawake wa Toyama. Utumbo wa mtu aliyepungukiwa na chuma hujifungua zaidi ili ukipate, na kadimi huingia kupitia njia hiyo hiyo. Mwanamke mwenye upungufu wa damu hunyonya kadimi nyingi kuliko jirani yake waliyekula naye sahani moja, na ikishaingia kwenye figo huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua nusu tu. Ndiyo maana mimi mtu akiniuliza sumu ya mchele humuuliza kwanza damu yake ikoje.

Kuhusu kuosha: osha kwa ajili ya vumbi na wanga, arseniki itakayotoka ni kidogo. Kinachoitoa ni kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga. Chuo Kikuu cha Sheffield walijaribu njia hii mwaka 2020: kwa kikombe kimoja cha mchele chemsha vikombe vinne vya maji, maji yakitokota tia mchele, dakika tano, chuja umwage, kisha tia vikombe viwili vya maji mapya, funika, moto mdogo mpaka yakauke. Mchele mweupe ulipoteza asilimia 73 ya arseniki ile, usiokobolewa asilimia 54, na zinki nyingi ikabaki. Kadimi haitoki hivyo, hiyo ni ya kuizuia shambani.

Ukitazama vizuri, hivyo ndivyo mabibi zetu wanavyopika biriani tangu zamani. Wali wa biriani huchemshwa kwa maji mengi ya chumvi, ukafika nusu kiini ukachujwa, kisha ukapaliwa makaa juu. Pilau na wali wa nazi ndio hunywa maji yake yote.

Bibi wa Mji wa Kale

Mzee wa Sampuli, nimekusoma na nimekubali, isipokuwa hapo pa dakika tano kisha vikombe viwili. Kwa Pishori? Utatoka mashendea, utaulisha kwa kijiko. Pishori ni laini, haitaki maji hayo. Watu wa Sheffield hawajakaribisha wageni Ijumaa.

Mama Tudor

Mzee wangu, ahsante sana, Mungu akulipe. Nimemtumia kakangu ile ya Afrika Mashariki na hajajibu mpaka sasa.

Yamebaki mawili. Wali wa nazi nitaufanyaje? Nikichuja tui ndiyo nimemwaga utamu wote. Na la pili, sisi hapa ni samaki kila siku, changu, tafi, nguru siku ya posho nzuri. Nimesoma kwamba samaki wa baharini nao wana arseniki, tena nyingi. Ni kweli?

Mzee wa Sampuli

Bibi yangu wa Mji wa Kale ana haki, kipimo cha maji hufuata mchele. Kwa Pishori punguza yale maji mapya, kikombe kimoja na kidogo chatosha, na hizo dakika tano zihesabu tangu mchele uingie kwenye maji yaliyokwisha kutokota.

Wali wa nazi ni rahisi kuliko unavyodhani. Usichuje tui, chuja maji. Mchele utokose kwanza kwenye maji matupu, uchuje kwenye chujio la wali, urudishe sufuriani, hapo ndipo utie tui la pili na chumvi, ukikaribia kukauka utie tui zito na upalie. Kwangu ndivyo wanavyopika sasa, na wageni hawajasema neno. Ukoko ndio haupatikani vizuri kama zamani, hiyo ni hasara nakubali.

Maji unayopikia pia yana neno. Yakiwa na arseniki yenyewe, kuchemsha kwa maji mengi ni kuzidisha, na ndiyo sababu njia hii haiwafai wenye visima vibaya kule Bangladesh. Maji ya mfereji yanayotoka Mzima na Baricho hayana mkasa wa visima vile. Chumvi ya visima vya kisiwani ni kero nyingine, ila si arseniki.

Samaki ni kweli wana arseniki nyingi kuliko mchele, hata mara kadhaa. Karibu yote ni ile iliyofungamana na kaboni, huingia na kutoka kwa mkojo bila kugusa kitu. Maabara ikipima arseniki jumla bila kutenganisha aina, mla changu wa Mombasa ataonekana kama kanywa sumu ya panya. Niliwahi kuona karatasi ya majibu ya namna hiyo kutoka maabara moja ya mjini, mwenye nayo hana usingizi wiki nzima. Tulichomwambia ni aache samaki siku kadhaa kisha apimwe tena, ikawa imekwisha. Kula samaki wako.

Mkulima wa Mwea

Habari za Pwani. Nimeona mchele wetu unatajwa, nikaona niingie.

Mwea tunalima Basmati 370, ndiyo hiyo Pishori. Maji yetu ni ya mito ya Thiba na Nyamindi, yanashuka kutoka Mlima Kenya, na tangu bwawa la Thiba likamilike 2022 hatugombani usiku kwenye mifereji kama zamani. Si maji ya visima.

Tangu 2009 kuna wengi tulioingia kwenye kilimo shadidi: miche inapandikizwa ikiwa midogo, mmoja mmoja kwa nafasi, na shamba halikai na maji wakati wote. Unalijaza, unaliacha likauke mpaka udongo mweusi uanze kupasuka nyufa ndogo, unajaza tena. Sisi tulifuata maji kidogo na mavuno mazuri, arseniki hakuna aliyeitaja. Lakini kwa maelezo ya Mzee, nikikausha napunguza arseniki na kuialika kadimi. Sasa nifanyeje, nilime hewani?

Madoa ya kutu kwenye majani nayajua vizuri, wiki chache baada ya kupandikiza. Mimi hutia mbolea yenye zinki na yanaondoka. Sikujua kwamba inafika mpaka kwenye punje.

Mzee wa Sampuli

Mkulima, endelea na mtindo wako. Kausha shamba mpunga ukiwa bado mchanga, halafu kuanzia unapokaribia kuchanua mpaka punje zijae maziwa usiliache likauke kabisa, kwa sababu huo ndio wakati kadimi hupanda kwenye punje. Wajapani wenye mashamba yenye kadimi hufanya hivyo, wiki tatu kabla ya kuchanua na wiki tatu baada. Udongo wako mweusi si wa asidi kali kama ule wa Hunan, na migodi juu ya mto huna. Unachotakiwa kuchungulia ni mbolea za fosfeti, kwa kuwa mawe zinakotengenezwa huja na kadimi yao, zingine nyingi zingine kidogo.

Na zinki unayoitia inafika kwenye punje, ingawa si kwa wingi kama ilivyofika kwenye majani. Bangladesh walitoa mwaka 2013 mbegu ya mpunga iliyozalishwa makusudi iwe na zinki zaidi, BRRI dhan62, bila kubadilisha mbolea.

Muuza Mchele, Kongowea

Mzee, na sufuria? Wateja wangu wengi wa mama lishe wanatumia zile nzito za kusubiwa kwa vyuma chakavu.

Mzee wa Sampuli

Hapo umegusa risasi, ile metali ya kwenye betri, ambayo kwa mtoto ni mbaya kuliko yote tuliyoyasema. Sufuria za vyuma chakavu zimepimwa katika nchi mbalimbali za Afrika na Asia na nyingi zilitoa risasi kwenye chakula, hasa kilichotiwa ukwaju, ndimu au nyanya. Mtu akiweza atumie chuma cha pua. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa risasi hufanya nini, Owino Uhuru, mtaa uliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, iko pale Mikindani.

Dada wa Kiliniki

Salaam. Mimi ni muuguzi, nafanya kiliniki ya watoto, na nimeusoma uzi wote nikihofia kitu kimoja: mama atakayesoma juu tu, akamwaga uji wa mchele na kuhamia unga wa mahindi siku saba kwa wiki.

Jamani, mahindi nayo yana yake. Yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wanaoleta sumukuvu, na hiyo haionekani wala haitoki kwa kupika. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi. Hiyo ni sumu ya msimu mmoja, si ya miaka 20.

Kwa hivyo Mama Tudor, uji wako usiuache, uchanganye. Leo mchele, kesho wimbi, keshokutwa mtama au viazi vitamu vya kupondwa au muhogo ulioiva vizuri. Mtoto mwenyewe atafurahi kubadilishiwa. Na kwa ile ya mchele, Mzee kasahau kwamba wewe unatumia unga, na unga huwezi kuuchuja. Fanya hivi: mchele wa mtoto utokose zile dakika tano ukiwa mzima, uchuje, uanike kwenye ungo kama mamako alivyokufundisha, na ndipo upeleke kusagwa. Au upike wali wa mashendea anaoogopa Bibi, uuponde kwa mwiko, ndio uji huo huo na mashine ya kusaga umeiepuka.

Kinachonisumbua zaidi kwa watoto wa umri huu ni chuma. Akiba aliyozaliwa nayo huwa imekwisha, na maziwa ya mama yana kidogo. Uji mweupe wa mchele na maziwa, hata usiwe na chembe ya arseniki, haumpi chuma cha kutosha. Wote tunasifu mashavu, mashavu hayapimi damu. Weka kijiko cha maini yaliyopondwa, au samaki mdogo mkavu aliyesagwa akawa unga, au kunde zilizotolewa maganda, na umkamulie chungwa ili chuma kiingie. Mzee kaeleza kwamba mwili wenye njaa ya chuma hufungulia kadimi. Basi hiyo ndiyo kinga ya kwanza, na inapatikana Marikiti.

Na wewe mwenyewe mama, vidonge vya chuma ulivyopewa wakati wa ujauzito ulivimaliza?

Mama Tudor

Dada, usiniulize hadharani. Nitakuja kiliniki.

Swali la mwisho, naona haya lakini naliuliza. Mtoto akiharisha, mamangu humpa maji ya wali, yale ya kuchujwa, na chumvi kidogo. Sasa kama arseniki ndiyo imehamia kwenye maji hayo, nimekuwa nikimpa sumu?

Dada wa Kiliniki

La. Maji ya wali ya siku moja mbili, kwa mtoto anayeharisha, hayana madhara hayo. Arseniki ya mchele ni hesabu ya miaka. Lakini ukiwa na paketi ya ORS tumia hiyo kwanza, kipimo chake cha chumvi na sukari hakibahatishwi. Endelea kunyonyesha. Na udai vidonge vya zinki, wengi huvisahau: kwa mtoto aliyepita miezi sita ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maji safi au cha maziwa yako. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au hataki kunyonya, usingoje wali uive, mlete.